Nani Alikuwa Umma? Historia ya Maktaba ya Umma na Msomaji wa Kiswahili Mjini Eldoret

Mwalimu mwenzangu, na wewe mtahiniwa unayejiandaa kwa Karatasi ya Tatu, tuanze na jina lenyewe. 'Maktaba ya umma' ni maneno mawili yaliyounganishwa kwa a-unganifu. Neno la kwanza halitusumbui. Limetokana na mzizi wa Kiarabu uliotupa pia kitabu, katibu na mkutubi, na kila aliyewahi kuingia katika chumba chenye rafu na kimya analielewa. Neno la pili ndilo lenye kisa. Umma ni nani? Katika uhakiki tumezoea kuuliza ni nani anayezungumza katika kazi ya fasihi na ni nani aliyenyimwa sauti. Makala haya yanadhamiria kuliuliza swali hilo hilo kuhusu maktaba: katika nchi yetu, ni nani aliyeruhusiwa kuketi, na lugha ya nani ilitengewa nafasi rafuni?

Nimechagua kuyatazama haya kutoka Eldoret kwa sababu ni mji ambao haukurithi miswada ya tenzi wala vyuo vya kale kama Lamu na Mombasa. Kiswahili hakikuzaliwa hapa. Kilifika kwa njia ya shamba, soko na reli, na kitabu cha Kiswahili kikafuata nyuma sana, tena kwa kuchechemea. Mwanafunzi wa Kidato cha Nne anayeingia leo katika maktaba ya umma mjini humu akiwa na riwaya teule mkononi ni mhusika aliyechelewa kutokea jukwaani, na kuchelewa kwake kuna sababu.

Mji wa Sitini na Nne

Wakazi wa siku nyingi wa Eldoret huuita mji huu Sisibo, yaani matamshi ya wenyeji ya nambari sitini na nne kama inavyotajwa kwa Kiingereza. Kuna maelezo mawili yanayosimuliwa kuhusu nambari hiyo: kwamba mji ulichipuka kwenye shamba lililopimwa na kupewa nambari 64, na kwamba hapo ni maili 64 kutoka reli ilikokuwa. Lipi kati ya hayo lilitangulia si muhimu kwetu. Muhimu ni kwamba mji huu ulikuwa na nambari kabla ya kuwa na jina, na nambari hiyo ilitoka katika daftari la mpimaji ardhi. Posta ilifunguliwa mwaka 1910. Jina Eldoret lilikuja mwaka 1912, kutokana na mto Eldore, jina lenye asili ya Kimaasai linaloashiria mawe. Herufi 't' iliongezwa mwishoni ili litamkike kama majina ya Kinandi.

Ardhi yenyewe haikuwa tupu. Wanandi walikuwa wamewapinga Waingereza kwa takribani miaka kumi kabla ya kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, kuuawa tarehe 19 Oktoba 1905. Miaka mitatu tu baadaye, mwaka 1908, Makaburu kutoka Afrika Kusini waliokuwa wakiongozwa na Jansen van Rensburg walipanda uwanda wa Uasin Gishu kwa magari ya kukokotwa na maksai. Uwanda huu ukawa sehemu ya nyanda zilizotengewa Wazungu. Reli ilifika Eldoret mwaka 1924.

Sasa fikiria ni nani angesoma nini katika mji wa namna hiyo. Kitabu kilikuwa cha nyumba ya mlowezi, cha kanisa lake na cha shule ya watoto wake. Mwafrika aliingia mjini kwa ajili ya kazi, na katika miaka ya 1920 alikuwa na kipande kilichotiwa katika kijaluba cha bati na kuning'inizwa shingoni. Hebu tulitazame hilo kwa jicho la kihakiki. Maandishi yaliyomwandama mtu huyu mchana kutwa yalikuwa yanamhusu yeye, lakini hayakuandikwa ili yeye ayasome. Yalisomwa na mwajiri na polisi. Msomaji ni mwingine, matini ni mwili wa mtu. Sijui kama kuna kinaya kikubwa kuliko hiki katika historia ya usomaji nchini.

Kiswahili kilikuwapo, naam. Kaburu, Mwingereza, Mhindi mwenye duka, Mnandi, Mluhya, Mluo na Mkikuyu wasingeweza kuelewana bila hicho. Lakini kilichotumiwa na walowezi ndicho kile ambacho wataalamu wa lugha wamekiita Kisetla: lugha ya amri, iliyonyofolewa upatanisho wa kisarufi, yenye vitenzi vingi vya kutuma na vichache vya kushukuru. Anayekijua Kiswahili kwa sura hiyo pekee hawezi kudhani kwamba ndicho alichotungia Muyaka bin Haji mashairi yake kule Mombasa karne iliyotangulia. Dhana kwamba Kiswahili ni lugha ya kuagizia maji na kuni ilikita mizizi mashambani huko, na mwalimu yeyote aliyefundisha sehemu za bara anajua kwamba haijang'oka yote.

Milango miwili

Kabla hatujarudi Eldoret, itatubidi tupitie Mombasa na Nairobi, kwa kuwa huko ndiko milango ya kwanza ya maktaba za umma nchini ilikofunguliwa, na milango hiyo miwili haikufanana.

Mombasa ilipata maktaba ya Seif bin Salim mwaka 1903, nayo hutajwa kuwa ya kwanza ya umma nchini. Jina lake kamili lilieleza kwamba ni maktaba ya umma na chumba cha kusomea bila malipo. Iliasisiwa katika mji ambao tayari ulikuwa na desturi ya kuandika na kunakili, na ilibeba jina la Mwarabu wa pwani, si la gavana.

Nairobi ilingoja hadi mwaka 1931 ilipofunguliwa Maktaba ya Ukumbusho ya McMillan. William Northrup McMillan alikuwa Mmarekani aliyezaliwa St. Louis, akawa na ardhi kubwa karibu na Ol Donyo Sabuk, akafariki mwaka 1925. Mjane wake aliijenga maktaba kwa kumbukumbu yake, na shirika la Carnegie la Marekani likachangia fedha. Jengo lenyewe lingalipo: nguzo nene za mtindo wa Kirumi, ngazi pana, na simba wa mawe wawili mlangoni. Mwaka 1938 lilitungiwa sheria yake lenyewe. Lilikuwa la umma. Hata hivyo, umma huo ulikuwa Wazungu peke yao hadi mwaka 1958, milango ilipofunguliwa kwa watu wa rangi zote. Na mwaka 1962 Baraza la Jiji la Nairobi likaichukua. Kwa miaka 27, basi, neno 'umma' lilikuwa na maana finyu kuliko inayotolewa na kamusi yoyote.

Ukitaka kuwaeleza wanafunzi wako dhana ya mandhari kama kiashiria cha mamlaka, usihangaike kutafuta mfano wa mbali. Simba wawili mlangoni wanatosha. Mandhari hayo hayakuwa pambo la jengo tu, kwani yalimwambia mpita njia kama yeye ni msomaji au ni mpita njia.

Aliyezuiwa mlangoni hakukaa bila kusoma, lakini alisomea pengine: misheni, shuleni, chini ya taa ya chemni, gazeti likizunguka mikononi mwa watu kumi. Historia ya usomaji wa Waafrika wa bara kabla ya uhuru ni historia ya usomaji nje ya maktaba.

Masanduku ya vitabu

Mwaka 1948, chini ya utawala wa pamoja wa makoloni ya Afrika Mashariki, ilianza kazi ofisi iliyoitwa East African Literature Bureau. Mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa Charles Richards. Ofisi hii ilikuwa na majukumu mawili ambayo kwa kawaida hayakai nyumba moja: kuchapisha vitabu kwa ajili ya wasomaji wa Kiafrika, kikiwamo Kiswahili na lugha nyingine za wenyeji, na kuvifikisha kwa wasomaji hao. Palipokosekana majengo, yalitumwa masanduku ya vitabu, na msomaji wa mbali aliweza kuletewa kitabu kwa posta.

Mimi nalipenda sanduku hili kuliko nguzo za McMillan, ingawa silisifu bila kiasi. Liliwafikia watu ambao jengo la Nairobi liliwafukuza. Lakini tofauti ya sanduku na rafu ni kwamba sanduku limekwisha kuchaguliwa. Mtu mwingine, mbali, ameamua unachostahili kusoma, na mwelekeo wa ofisi hizi za kikoloni ulikuwa kumpa Mwafrika kitabu chenye 'manufaa': kilimo bora, usafi, malezi, uraia mwema. Rafu ina fujo. Unaifuata riwaya moja, jicho linaangukia nyingine ambayo hakuna aliyekuchagulia. Msomaji mhakiki huzaliwa katika fujo hiyo.

Hata hivyo ofisi ile ile ya masanduku iliishia kuchapisha kitabu ambacho hakikuwa na adabu iliyotarajiwa. Mwaka 1971 ilitoa *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi, riwaya iliyozungumza waziwazi juu ya msichana na mwili wake hata ikazuiwa shuleni Tanzania kwa muda. Sanduku lilianza na manufaa, likafikia fasihi. Ofisi yenyewe ilikufa pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, na kwa upande wa Kenya ikarithiwa na Kenya Literature Bureau, ambayo mwalimu wa leo anaifahamu kwa vitabu vyake vya kiada.

Mpango wa kuwa na maktaba za kitaifa ulikuwa umeshaanza kabla ya hapo. Mwaka 1960 mtaalamu wa maktaba Sydney Hockey aliandika ripoti iliyopendekeza kila nchi iwe na bodi yake. Tanganyika ilitunga sheria mwaka 1963, Uganda 1964 na Kenya 1965. Bodi ya Huduma ya Maktaba ya Taifa ya Kenya ilianza kazi mwaka 1967, mwaka ambao Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Dar es Salaam, tarehe 9 Desemba, sikukuu ya uhuru.

Mwaka mmoja, majirani wawili, na matokeo tofauti. Kule Tanzania maktaba ya umma ilikua ikienda sambamba na Kiswahili: shule ya msingi kwa Kiswahili, elimu ya watu wazima kwa Kiswahili, siasa kwa Kiswahili. Aliyejifunza kusoma ukubwani alihitaji kitabu cha Kiswahili, na maktaba ilijua hivyo. Kwetu Kenya maktaba iliwekwa huru kwa wote, lakini lugha ya rafu ilibaki Kiingereza. Kiswahili hakikuingia Bungeni hadi agizo la Rais Kenyatta la mwaka 1974, na hakikuwa lugha rasmi kikatiba hadi 2010. Mlango ulifunguliwa kwanza, lugha ikafuata baada ya muda mrefu. Tawi la Eldoret, mojawapo ya matawi ya mtandao huu wa taifa, lilirithi hali hiyo: meza ni za kila mtu, vitabu vingi ni vya Kiingereza.

Mtahiniwa aingia

Aliyebadilisha hali si mkutubi wala mwandishi. Ni mtihani.

Mwaka 1981 tume iliyoongozwa na Colin Mackay ilipendekeza chuo kikuu cha pili nchini na mfumo mpya wa elimu. Mapendekezo yote mawili yaligusa Eldoret. Chuo Kikuu cha Moi kilianzishwa mwaka 1984, makao yake makuu yakiwa Kesses, kilomita zaidi ya thelathini kutoka mjini. Mfumo wa 8-4-4 ukaanza Januari 1985, na kwao Kiswahili kikawa somo la lazima na la kutahiniwa hadi Kidato cha Nne. Mtihani wa kwanza wa KCSE ulifanywa mwaka 1989. Kwa mara ya kwanza katika historia ya mji huu, kila kijana wa shule ya upili, awe mtoto wa mkulima wa ngano au wa mfanyabiashara wa sokoni, alitakiwa asome riwaya, tamthilia, ushairi na hadithi fupi kwa Kiswahili, na azihakiki.

Huyo ndiye aliyejaza viti. Tembelea maktaba yoyote ya umma katika miji yetu ya bara wakati wa likizo ya Agosti, nawe utakuta kwamba wengi wa walioketi ni wanafunzi, na wengi wao wamekuja na vitabu vyao wenyewe. Wamefuata kimya, meza na mwanga. Nyumbani chumba ni kimoja, redio ya jirani haizimwi, na kazi za mikono haziishi. Wako wanaolalamika kwamba hawa hawatumii maktaba, wanatumia samani. Mimi sikubaliani nao. Kiti na mwanga ni sehemu ya usomaji, na aliyewahi kunyimwa kiti anajua thamani yake. Katika mji ambao ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 ziliwafanya majirani waulizane asili zao, meza ambayo watoto wa jamii mbalimbali huketi wakinong'onezana kuhusu sifa za mhusika mmoja si jambo la kupuuzwa.

Lakini lalamiko lina chembe ya ukweli. Chungulia kilicho mezani. Aghalabu si riwaya. Ni mwongozo wa riwaya. Mtahiniwa anameza dhamira saba, mbinu kumi na mbili za lugha na wahusika kumi na wanane waliokwisha kukatwakatwa vipande, kama vile sanduku lililochaguliwa na mtu mwingine. Tumerudi kwenye sanduku! Tofauti ni kwamba safari hii tunalinunua wenyewe.

Huko Kesses, maktaba kuu ya Chuo Kikuu cha Moi iliitwa kwa jina la Margaret Thatcher, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza. Ni kubwa, ina mengi, lakini ni ya chuo. Mtahiniwa wa Eldoret hahesabiki katika umma wake. Nitaacha wasomaji wenyewe waamue kama jina hilo linasema lolote kuhusu majina mengine tuliyoyapitia: Seif bin Salim, McMillan, Thatcher. Maktaba ndogo ya mjini haina jina la mtu. Ni ya Eldoret tu.

Rafu kama matini

Sasa tufike mahali ambapo, kwa maoni yangu, mwalimu wa Kiswahili ana mengi ya kufundishia kuliko anavyodhani. Maktaba zetu za umma hupanga vitabu kwa mfumo wa desimali ulioasisiwa na Mmarekani Melvil Dewey mwaka 1876. Mfumo unagawa maarifa yote katika mafungu kumi, kuanzia 000 hadi 900. Dini ni 200, sayansi ya jamii 300, lugha 400, fasihi 800, historia na jiografia 900. Nambari iliyobandikwa mgongoni mwa kitabu ndiyo anwani yake.

Ichunguze nambari hiyo kama unavyochunguza ubeti. Fungu la fasihi lina nafasi mia moja, 800 hadi 899. Fasihi ya Marekani imepewa kumi nzima, kuanzia 810. Ya Kiingereza cha Uingereza kumi nzima, kuanzia 820. Wajerumani wana 830, Wafaransa 840. Dunia iliyosalia, karibu yote, imesongamana katika 890. Fasihi za lugha za Kiafrika zote zimepewa 896, nambari moja, na Kiswahili ni desimali ndani yake: 896.392. Riwaya ya Kiingereza huhitaji tarakimu tatu tu, 823. Riwaya ya Kiswahili ikiandikwa nambari yake kamili huhitaji saba, 896.3923. Maktaba ndogo, kwa kuokoa nafasi mgongoni, hukatiza hapo njiani. Matokeo yake ushairi, tamthilia na riwaya za Kiswahili husimama bega kwa bega bila kutenganishwa. Kila tarakimu ya ziada ni hatua ya umbali kutoka mahali mfumo ulipodhani kuwa katikati ya dunia.

Kuna ya kuchekesha pia. Mfumo huhesabu fasihi kwa lugha iliyotungiwa kwanza. Kwa hiyo *Mabepari wa Venisi*, ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri na kuichapisha mwaka 1969, kwa mujibu wa kanuni haiketi na Kiswahili hata kidogo. Anwani yake ni 822.33, nambari iliyotengewa Shakespeare peke yake. *Shetani Msalabani* ya Ngũgĩ wa Thiong'o, iliyotoka kwa Kiswahili mwaka 1982, itafuata asili yake ya Kikuyu, huku riwaya zake za awali za Kiingereza zikikaa 823 pamoja na Dickens. Mwandishi mmoja, rafu mbili. Ngũgĩ alifariki Mei 2025, na mjadala wake kuhusu lugha ya fasihi ya Kiafrika unaweza kufunzwa kwa kumtuma mwanafunzi akatafute vitabu vyake na kumwuliza kwa nini ilimbidi atembee.

Lakini linaloniudhi zaidi ni hili. Fasihi simulizi haimo katika fungu la fasihi. Ngano na visasili huwekwa 398.2, na methali 398.9, ndani ya sayansi ya jamii, jirani na mila, mavazi na desturi za arusi. Sisi darasani tunasisitiza kwamba fasihi ina tanzu kuu mbili, simulizi na andishi, na kwamba ya pili imenyonya ziwa la kwanza. Rafu inasema vingine. Inasema kwamba kilichotungwa na mwandishi mmoja mwenye jina ni sanaa, na kilichotungwa na jamii ni mazoea ya watu yanayofaa kuchunguzwa. Mtahiniwa anayetafuta mifano ya ngano za mazimwi akaikosa kwenye rafu ya Kiswahili huondoka akidhani maktaba haina, kumbe iko upande wa pili wa chumba. Mwalimu asipomwambia, hakuna wa kumwambia, isipokuwa mkutubi, na wakutubi wetu ni wachache wenye kazi nyingi.

Isidhaniwe kwamba napendekeza kuing'oa mifumo. Mkutubi mwenye busara huweza kutenga rafu ya Kiswahili mahali pa wazi na kuweka humo simulizi, andishi na tafsiri pamoja; kanuni haimfungi mikono kiasi hicho. Anachohitaji ni mtu wa kumwomba, na mtu huyo ni wewe.

Vitabu vilivyostaafu

Limebaki jambo moja ambalo maktaba ya umma inaweza kutufanyia kuliko shule yoyote. Vitabu teule hubadilishwa kila baada ya miaka michache. *Utengano* ya Said Ahmed Mohamed ilikuwa na zamu yake. *Kidagaa Kimemwozea* ya Ken Walibora ikatahiniwa kuanzia mwaka 2013, ikaipisha *Chozi la Heri* ya Assumpta Matei mwaka 2018, nayo baadaye ikaipisha *Nguu za Jadi* ya Clara Momanyi. Siku kitabu kinapostaafu, shule hukifungia ghalani, mchwa hukifanyia uhakiki wao, na kizazi kinachofuata hukisikia kwa jina tu. Matokeo ni mtahiniwa anayejua riwaya moja, ambaye akiulizwa alinganishe hana cha kulinganisha nacho. Atasema mhusika amechorwa kwa ustadi bila kuwahi kumwona aliyechorwa vibaya.

Mfano wa Walibora unatuhusu kwa karibu. Alilelewa Trans Nzoia, jirani na Uasin Gishu, na alifariki Aprili 2020. Katika *Siku Njema* ya mwaka 1996, safari ya Kongowea Mswahili inaanzia Tanga na kumfikisha Kitale, mji ulio kama kilomita 70 kutoka Eldoret. Kwa mtoto wa huku bara hilo si dogo: mhusika wa riwaya ya Kiswahili anatoka pwani kuja kwao, badala ya wao kutakiwa kila mara kwenda pwani kwa mawazo. Riwaya ya namna hiyo ikitoweka rafuni hapa, imetoweka mahali ambapo ingesomwa kwa hamu kubwa kuliko popote.

Na rafu hiyo sasa ni ya nani? Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliziorodhesha maktaba miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti, pamoja na makavazi na viwanja vya michezo. Tarehe 15 Agosti 2024 Eldoret ilipandishwa hadhi kuwa jiji. Kwa hiyo mhusika mkuu wa kisa hiki hayuko tena London, wala Nairobi. Bajeti ya vitabu inajadiliwa katika bunge la kaunti, na sheria inautaka umma ushirikishwe kabla ya bajeti kupitishwa. Katika vikao hivyo watu husimama kuuliza kuhusu barabara, maji na zahanati, kama inavyostahili. Walimu wa Kiswahili wa jiji wakisimama na orodha ya vitabu ishirini, majina, waandishi na idadi ya nakala, watakuwa wameleta jambo ambalo karani anaweza kuliandika na mhasibu kulijumlisha. Ombi la jumla la 'kukuza utamaduni wa kusoma' halina safu katika daftari la hesabu.

Vivyo hivyo kwa nakala zilizofungiwa ghalani. Shule yenye nakala mia za riwaya iliyostaafu haihitaji zote mia. Kumi zikipelekwa maktaba ya mjini kwa barua ya mwalimu mkuu, zitasomwa na watahiniwa wa shule ambazo hazikuwahi kuwa nazo hata moja.

Wewe mtahiniwa, utakapokwenda, beba riwaya yenyewe na uuache mwongozo nyumbani kwa siku hiyo. Anzia 398 kwenye ngano na methali, kisha tembea hadi 896. Njiani utapita lugha, sayansi, tiba, kilimo, na kwenye 796.42 utaikuta riadha, ambayo mjini humu haina haja ya kutafutiwa wasomaji. Ukifika 896 na kukuta vitabu vitatu, yaandike majina yao, uyaandike na ya vile ulivyovikosa, na umpe mwalimu wako karatasi hiyo.